Hesabu Inafelishwa Form One, Tunakuja Kulia Form Four

Mabibo Hosteli, Jumapili usiku.

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea sana, mara ya mwisho niliwaachia habari za boom kuchelewa na mwenzangu wa chumbani aliyekula maandazi ya mkopo wiki mbili mfululizo. Tangu hapo nimekwenda field kufundisha, nimerudi, nimeanza mwaka wa tatu, na test ya kwanza inanisubiri Alhamisi. Nilipaswa kuwa nasoma sasa hivi. Lakini leo nina hasira, na hasira yenyewe imeletwa na ujumbe wa simu wa mistari mitatu.

Umetoka kwa mwalimu wa taaluma wa ile shule niliyofundisha. Unasema hivi: "Madam, kambi ya form four inaanza Jumamosi. Tunaomba uje utupigie hesabu. Wiki tatu za moto, nauli ipo."

Wiki tatu za moto! Mtihani ni Novemba, sasa hivi ni Oktoba, na hawa watoto wamekaa shuleni miaka minne. Miaka minne hatukuwasha hata kiberiti, leo tunataka moto wa wiki tatu.

Kwa wasionifahamu: nasoma ualimu wa hesabu na fizikia hapa Mlimani, nyumbani kwetu Bagamoyo. Mwaka jana field nilipangiwa shule moja ya kata pembeni ya barabara ya Bagamoyo, huko baada ya Bunju kabla hujafika mjini. Sitaitaja jina, maana walimu wake ni watu wema walionipokea vizuri na hawana kosa la peke yao. Ukitoa jina lake ukaweka la shule ya kata yoyote kuanzia hapo mpaka Msata, hutabadilisha neno katika haya ninayoandika.

Siku ya kwanza nilimsalimia Mkuu shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza somo. Nikasema hesabu. Mzee aliinuka kwenye kiti! Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, na mwalimu huyo ndiye pia wa nidhamu, kwa hiyo nusu ya siku yuko na fimbo badala ya chaki. Mkuu akaniambia pale pale: "Utachukua form three na form four. Hao ndio wanaotuletea matokeo." Nikauliza, na form one? Akasema form one bado wadogo, wana muda.

Jamani, hiyo sentensi ya "wana muda" ndiyo imeua hesabu nchi hii. Nitajaribu kueleza kwa nini, na anayeona nimekosea aje na hoja, nitamsikiliza.

Hebu tuangalie kwanza ugonjwa wenyewe. Matokeo ya form four ya mwaka 2022, waliofaulu Basic Mathematics ni kama asilimia 20 tu. Mwaka 2023 na 2024 ikapanda mpaka asilimia 25 na kidogo, watu wakapongezana. Sasa "kufaulu" maana yake nini? Daraja D linaanzia alama 30. Yaani kwenye kila watoto wanne, watatu hawakupata alama 30 kwa 100. Hatuzungumzii watoto walioshindwa kuwa mainjinia. Tunazungumzia watoto waliokaa na karatasi saa tatu wakashindwa kuokota theluthi.

Na hii karatasi siyo siri ya serikali. Somo namba 041, Sehemu A ina maswali kumi, kila moja alama sita. Sehemu B ina maswali manne, kila moja alama kumi. Chukua karatasi yoyote ya miaka ya karibuni, kaa na muhtasari wa zamani ambao form four wa sasa wamesomea, uwe unaandika pembeni kila swali limetoka kidato gani. Mimi nilifanya hivyo kwa karatasi kadhaa, jioni moja umeme ulipokatika, kwa taa ya simu. Namba na desimali, form one. Uwiano, faida na hasara, form one. Vipeo na logi, form two. Seti, form two. Pembetatu zinazofanana, form two. Pythagoras, form two. Milinganyo ya kipeo cha pili, form two. Zaidi ya nusu ya Sehemu A ni mambo ya miaka miwili ya mwanzo! Mtoto akijibu vizuri maswali matano tu ya hapo ana alama 30, ana D yake, hajagusa matriksi wala vekta wala dunia kama tufe.

Kwa hiyo anayefeli hesabu form four hajafelishwa na hesabu ya form four. Mimi ndivyo nilivyowakuta. Nikisimama kufundisha hayo matriksi, mtoto anafuata vizuri mpaka pale inapobidi kutoa hasi tano kwenye hasi mbili. Hapo anasimama. Nikifundisha logi, anasimama kwenye sehemu. Kila mada nilijikuta nabomoa ukuta kutafuta msingi, na msingi haukuwepo.

Sasa msingi ulikwenda wapi? Siku moja niliandika ubaoni nitafutiwe LCM ya 12 na 18. Kimya. Darasa la form four hilo. Nikafuta, nikaandika: tafuta KDS ya 12 na 18. Mikono! Siyo yote, nisiwadanganye, lakini mingi kiasi kwamba nilibaki nimeshika chaki naangalia. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti kabisa, "Kumbe ni KDS, Madam!" Darasa likacheka, na yeye akacheka, lakini mimi moyo uliniuma. Kigawe Kidogo cha Shirika huyu kijana alikijua akiwa shule ya msingi. Januari ya form one akaingia darasani, kitu alichokuwa nacho mkononi kikabadilishwa jina, na hakuna aliyemwambia kwamba ni kile kile. Mzingo ukawa "perimeter". Kiasi na asili zikawa "numerator" na "denominator". Mche duara ukawa "cylinder". Kwa miaka minne alikuwa anadhani anafundishwa vitu vipya.

Sitaki kufungua ule mjadala mkubwa wa lugha ya kufundishia, nikiufungua hatulali. Tume ya Makwetta ilipendekeza Kiswahili sekondari mwaka 1982, pendekezo likawekwa kabatini, na tunaobishana leo wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Yawezekana siku moja litaamuliwa. Lakini mtoto anayeanza form one Januari hii hawezi kusubiri. Hata tukibaki na Kiingereza mpaka kiama, lazima awepo mtu wa kumvusha huyu mtoto, amshike mkono amwambie: hiki unachokijua wewe, hapa wanakiita hivi.

Kuna wanaosema watoto wetu wa pwani hawana akili ya hesabu, wanapenda ngoma na bahari. Nimeyasikia haya hapa hapa chuoni kutoka kwa msomi mzima! Huyo namkaribisha pale pwani ya Bagamoyo sokoni kwenye mnada wa samaki asubuhi, akasimame karibu na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye yuko form four na Novemba hii anakaa kwenye mtihani. Kwenye mock alipata 11. Kumi na moja kwa mia.

Likizo iliyopita nilikwenda naye sokoni. Akanunua vibua 40 kwa shilingi 60,000. Barafu 4,000, nauli ya kupeleka 6,000. Alipanga kuuza wanne kwa 10,000. Tukiwa njiani akagundua sita wameanza kulegea, hawatauzika. Nikamuuliza, sasa utapata ngapi? Hakukaa hata sekunde tano. "Dada, wamebaki thelathini na nne. Mafungu manane elfu themanini, wawili wa mwisho elfu tano. Themanini na tano, toa sabini, nabaki na kumi na tano. Nilikuwa nipate thelathini, imekatika nusu." Nikamuuliza, hiyo faida ni sehemu gani ya hela uliyotoa? Akafikiri kidogo. "Kama moja ya tano, inazidi kidogo." Na ni kweli, 15 kwa 70 ni asilimia 21 na ushee.

Jioni nyumbani nikamwandikia swali lile lile kama linavyoandikwa na watunga mitihani, mfanyabiashara alinunua, kadhaa ziliharibika, tafuta asilimia ya faida, kwa Kiingereza chao. Akalitazama. Akachukua namba zote zilizokuwepo akazijumlisha. Nikamuuliza kwa nini umejumlisha? "Sijui dada, nimeona namba."

Hili siyo la pwani yetu tu. Kule Recife, Brazil, watafiti mwaka 1985 walitoa taarifa ya watoto wanaouza vitu mitaani. Wakiulizwa hesabu pale kwenye biashara zao walipatia asilimia 98. Hesabu zile zile zikiandikwa kwenye karatasi kishule, wakapatia asilimia 37. Watoto ni wale wale, akili ni ile ile. Kilichobadilika ni karatasi. Na sisi watu wa Bagamoyo tulikuwa tunapima pembe za ndovu kwa frasila na nafaka kwa kibaba na pishi kabla hata hakujawa na boma la Mjerumani, leo tunaambiwa hatuna damu ya hesabu. Mh!

Haya, turudi kwa Mkuu. Wiki ya tatu nilimfuata ofisini kumwomba niruhusiwe kuchukua na form one, japo vipindi vya mchana. Walikuwa zaidi ya mia, mikondo miwili, na hesabu walikuwa wanafundishwa pale mwalimu wa nidhamu anapopata nafasi, yaani mara moja kwa wiki, na mara nyingine hata hiyo hakuna. Mkuu hakukasirika. Alinipa somo ambalo chuo hakijanipa. Alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi: C saba. "Mwalimu, C moja ni pointi ngapi?" Tatu. "Saba mara tatu?" Ishirini na moja. "Hiyo ni division gani?" Two. "Na hesabu amepata nini?" Nikanyamaza. "Amepata F," akasema, "na hakuna aliyegundua. Wanahesabu masomo saba yaliyo bora. Mtoto akiwa na B saba ana pointi kumi na nne, hiyo ni division one, na hesabu F. Sasa wewe ungekuwa mimi, na Afisa Elimu anataka division, ungeweka nguvu wapi?"

Wadau, sikuwa na jibu, na mpaka leo sina hasira na yule mzee. Anacheza mchezo kwa kanuni alizopewa. Hasira yangu iko kwa aliyeziandika kanuni. Tunasema kwenye majukwaa hesabu ni somo la lazima, halafu kwenye kukokotoa daraja tunalifanya la hiari. Shule ikiitupa hesabu haipotezi kitu. Tena inafaidika, maana muda ule unakwenda Civics na Kiswahili ambako C zinapatikana kwa urahisi.

Anayepoteza ni mtoto, na anajua baadaye. Anakuja na division two yake nzuri anaomba chuo. Wenyewe tunasema mtihani wa kuingia chuo kikuu ni form six. Kwa jina, sawa. Lakini form six siku hizi karibu wote wanafaulu, kwa sababu waliofika huko walishachujwa. Uinjinia unataka principal pass ya Advanced Mathematics na fizikia, na huwezi kwenda PCM bila hesabu ya form four. Kozi nyingi za biashara na uchumi nazo zinakuuliza hesabu ya form four hata kama form six ulisoma kitu kingine. Nina jamaa hapa hosteli anasoma kitu ambacho hakukipenda kabisa, kwa F moja aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba. Kwa hiyo mlango wa chuo kwa hesabu na sayansi unafungwa form four, na ufunguo ulipotea form one, siku mtu aliposema bado wadogo wana muda.

Na mduara wenyewe unajizungusha. Kwa miaka mingi vyuo vya ualimu vya daraja A vilipokea waliopata division four. Mwenye F ya hesabu akaenda kufundisha hesabu darasa la tatu. Wanafunzi wake wakaja sekondari wakamkuta mwalimu wa voda fasta, mnakumbuka lile jina? Shule za kata zilipofumuka baada ya mpango wa MMES wa mwaka 2004, walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza form six wapigwe msasa wa wiki chache wapelekwe madarasani. Siwacheki, wengine walikuwa wazuri kuliko wenye digrii. Nawacheka waliodhani mwalimu anatengenezwa kama kuongeza salio.

Maana tabia yetu ndiyo hiyo, dharura juu ya dharura. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya asilimia 60 sifuri, nchi nzima ikalia. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume chini ya Profesa Mchome, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Baada ya hapo tukabadilisha madaraja, tukaenda kwenye GPA, 2016 tukarudi kwenye division. Mwaka 2014 ikawa maabara, kila shule ya kata ijenge vyumba vitatu, wananchi wakachangishwa. Kile nilichokikuta kwenye shule yangu ya field kimejengwa vizuri, kina masinki, na ndani wanatunza viti vibovu. Mwaka huo huo Dodoma wakaanzisha stashahada maalumu ya walimu wa sayansi na hesabu, na Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa hiyo stashahada wakarudishwa nyumbani. Kila moja ya hizi ilikuwa na nia njema. Na kila moja ilianza baada ya mtu kuangalia matokeo ya form four na kushtuka.

Kambi ni mtoto wa ukoo huo huo. Nimezishiriki, najua zinavyokwenda. Watoto wanalala kwenye madarasa, wazazi wanachanga mchele na maharage, walimu wanapokezana mpaka saa nne usiku, kila mtu amechoka na anajisikia shujaa. Tunafanya karatasi za nyuma moja baada ya nyingine. Aliyekuwa na 40 anakwenda 55, na hiyo ni kweli, kwa huyo kambi inasaidia. Aliyekuwa na 8 ananakili majibu ubaoni kwa mwandiko mzuri sana. Kisha matokeo yanatoka, wale watatu wa juu wanapigwa picha na Mkuu, na tunasema kambi imelipa.

Hapo mtaniambia, lakini mbona Marian Girls wako hapo hapo Bagamoyo, upepo ule ule wa bahari, na kabla NECTA haijaacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023 jina lao lilikuwa halikosi kusikika? Igeni! Sawa, tuige. Lakini tuige kitu chenyewe, siyo sare na bweni. Kwanza shule za namna hiyo huchagua watoto kwa mtihani wa kujiunga, hilo shule ya kata haiwezi na haitakiwi kuliweza. Ila kuna kitu kingine ambacho mzazi yeyote mwenye hela anakijua na hatukisemi: pre-form one. Mtoto wa darasa la saba anamaliza mtihani Septemba. Mtoto wa mwenye uwezo Oktoba yuko darasani tayari, anasoma Kiingereza na hesabu, anafundishwa kwamba KDS ni LCM. Ikifika Januari ameshavuka. Mtoto wa Mlingotini na Kaole na Zinga miezi hiyo minne yuko kwenye mwani na mama yake, au anaparua samaki, au anacheza mpira mchangani. Januari wanaingia form one siku moja, na kwenye makaratasi ya serikali wameanza pamoja.

Tofauti iko kwenye hiyo miezi minne! Siyo maabara wala division. Ile kozi ya wiki chache ya Kiingereza ambayo shule za serikali huwapa form one mwanzoni ni wazo zuri, lakini niliowauliza watoto wangu walisema waliitumia kufyeka majani.

Kwa hiyo nasema hivi, na mnipige mawe. Chukueni mchele wa kambi, maharage ya kambi, nauli za walimu wa kambi, mhamishie kwa watoto waliomaliza darasa la saba, Oktoba mpaka Desemba, kwenye shule ile ile ya msingi waliyotoka, karibu na nyumbani ili wasihitaji hata bweni. Wafundishwe na nani? Nchi hii ina vijana waliomaliza form six Mei, PCM na PCB na EGM, waliorudi JKT na sasa wanasubiri chuo wakicheza drafti. Ina wahitimu wa ualimu wa hesabu wanaosubiri ajira. Hawahitaji kujua matriksi, wanahitaji kujua sehemu, namba hasi, uwiano, na majina mawili ya kila kitu. Na shule ikishapata mwalimu mmoja mzuri wa hesabu, awekwe form one, na yule wa nidhamu apewe form four. Nimeandika nikiwa na akili zangu timamu. Aliyevuka vizuri form one na two anaweza kujisomea sehemu kubwa ya form four. Kinyume chake hakuna.

Na Wizara, naomba F ya hesabu ionekane kwenye daraja. Siyo lazima imnyime mtoto cheti. Ila Mkuu akijua kwamba hawezi kuificha nyuma ya C saba, hatasema tena form one wana muda.

Sasa yamenikuta yangu. Nilimjibu mwalimu wa taaluma kwamba nitakuja, lakini nataka chumba kimoja, asubuhi, cha watoto waliomaliza la saba katika shule ya msingi jirani, na mchana ndiyo nitaingia kambini. Habari zikamfikia mama mdogo kabla hata sijamwambia. Akanipigia jana. "Wewe mwanangu, mdogo wako ana 11, mtihani umebaki mwezi, unakwenda kufundisha watoto wa watu ambao hata shule hawajaanza?" Nikamwambia mama, sijamwacha. Akasema, "Umemwacha," akakata simu. Hajawahi kunikatia simu mama mdogo.

Na ana haki, nimegeuza geuza kitandani usiku kucha nikiwaza. Kanuni yangu ni nzuri mpaka inapofika kwenye nyumba yetu. Mdogo wangu hawezi kurudi form one, ameshafika alipofika. Kwa hiyo nimemtengenezea kitu chake peke yake. Hatutagusa karatasi nzima. Nimemchagulia mada sita tu, zote za form one na two: namba na desimali, uwiano na faida, seti, Pythagoras, vipeo, milinganyo ya kipeo cha pili. Hiyo ya faida tumeianza na vibua wake, kila sentensi ya Kiingereza anaiandika kwanza kwa maneno ya sokoni ndipo anagusa namba. Wiki iliyopita nilimpa maswali matatu kwa njia ya simu. Mawili kapata. La tatu alijumlisha tena namba zote, nikamuuliza kwa nini, akacheka, akasema, "Nimerudia ugonjwa, dada." Alama 30 anaweza kuzipata. Anaweza pia asizipate, na mama mdogo atanikumbusha maisha yangu yote.

Mwalimu wa taaluma amejibu saa hii wakati naandika. Anasema njoo kwanza na form four, mambo ya hao wadogo tutaongea na Mkuu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Makumbusho kwenye gari la Bagamoyo. Nimenunua boksi mbili za chaki kwa hela yangu, na mwalimu mkuu wa ile shule ya msingi, mama mmoja mtu mzima ambaye tulisalimiana mara mbili tu, ameniambia darasa la tano liko wazi, madawati yapo, ufunguo anao yeye, nikamuombe nyumbani kwake nyuma ya msikiti.